Bi Makopo na Nyanya za Marehemu Mama Yake

Ukimwamkia Bi Makopo "Habari za asubuhi?" alikujibu "Za nani?" na ungefanya vyema kupita haraka. Wako watu ambao hasira huwatembelea ikaondoka. Yeye alikuwa akiishi nayo. Aliamka nayo, akashuka nayo ngazi za ghorofa ya tatu, akaenda nayo kwenye kantini ya kiwanda alikokuwa akisugua masufuria, na jioni akapanda nayo tena, pamoja na mfuko wa takataka za watu.

Mfuko huo ndio uliompa jina. Mpishi wa kantini alimwekea kila kitu ambacho mtu mwingine angekitupa: makopo makubwa ya nyanya ya kusaga, trei za mayai, pakiti za maziwa, chupa za maji. Majirani walipomsikia akipanda ngazi huku mfuko ukigongagonga ukutani, wakaanza kumwita Bi Makopo, kwanza kisogoni, baadaye usoni. Hakulichukia jina. Alikuwa na mambo makubwa zaidi ya kuchukia.

Nyumbani kwao palikuwa na vyumba viwili na roshani nyembamba isiyotosha hata kutandika godoro. Watoto walishakua, wamekwenda kujitafutia. Roshani ile ndiyo iliyokuwa shamba lake. Trei za mayai alizijaza udongo aliouchekecha mwenyewe na kuuchanganya na majani yaliyooza aliyoyazoa nyuma ya kiwanda, akasia pilipili. Pakiti za maziwa alizikata ncha za chini kwa mkasi ili maji yapate pa kutokea, akasia mboga za majani. Chupa za maji alizigawa katikati. Kile kipande cha juu akakifanya kofia ya mche mchanga, akifungua kizibo mche unapotaka hewa. Mfuko wa mkate ulifunika trei ili joto lisitoroke. Ungemkuta amechuchumaa pale akiifokea miche yake: "Simama wima wewe! Nani kakwambia ulale?" Na miche, kwa kweli, ilisimama.

Ndani, kwenye kiti kilichokuwa karibu na mlango wa roshani, aliketi mumewe. Jengo zima lilimwita Fundi, na mkewe naye alimwita hivyo hivyo. Alikuwa fundi bati. Maisha yake yote aliziba vinavyovuja: ndoo, mabirika, masufuria, madebe, taa za mafuta. Kisha zikaja ndoo za plastiki, watu wakawa kikivuja wanatupa, na macho yake nayo yakaanza kuingia ukungu. Sanduku la vifaa likahamia uvunguni mwa kitanda. Alikuwa mpole, mpole wa kuudhi. Neno lake lilikuwa moja: "Yaishe." Jirani amemtukana, yaishe. Mtu amempita kwenye foleni, yaishe.

Methali yake nayo ilikuwa moja, usipoziba ufa utajenga ukuta, na aliitamka kila alipoinama kuokota kitu kilichovunjwa na mkewe. Maana Bi Makopo akipandwa na mori alipiga vitu. Hakuwahi kumgusa mtu, tumpe haki yake, lakini vitu! Kitasa cha mlango, mguu wa stuli, mkono wa kikaango. Fundi alikuwa akingoja kelele zitulie, anaokota vipande, anakaa navyo pembeni, na kesho yake kitu kiko mahali pake kizima. Hakuna aliyeuliza wala aliyeshukuru. Mke anavunja, mume anaunga, na ndoa inasonga mbele.

Sasa tuje kwenye nyanya.

Mama yake Bi Makopo alikuwa na nyanya kando ya ua wa nyumba yake, nyanya zenye matuta ubavuni, chachu kidogo, ngozi nyembamba kiasi kwamba huwezi kuzifikisha sokoni bila kupasuka. Ndiyo sababu hakuna aliyeziuza, wala duka lililowahi kuwa na mbegu zake. Mama alizirithi kwa mama yake, na kila msimu alikuwa akikamua mbegu za msimu ujao. Mama alipofariki, wanawe wawili wa kiume walikaa kikao, wakauza nyumba na kiwanja kwa mtu mwenye tingatinga. Bi Makopo alipouliza fungu lake liko wapi, kaka mkubwa alimjibu akiangalia simu yake.

"Dada, wewe umeolewa. Una kwako."

Kwake! Roshani isiyoenea godoro! Bi Makopo aligeuka akamtazama mumewe, aliyekuwa ameketi naye benchi moja. Alimngoja. Mke wako anaporwa mbele ya macho yako, shemeji mtu huna la kusema? Fundi alikohoa. Akamshika mkewe kiwiko, akasema taratibu, "Yaishe, mama."

Neno lile lilimkwama kooni hadi leo. Kaka zake aliwatukana waziwazi, kantini nzima iliwajua kwa ubaya wao. La mumewe hakulisema. Na lisilosemwa ndilo linalochacha.

Siku ya kukabidhi kiwanja, tingatinga likiwa limeshawashwa, aliruka ua mbele ya watu, pamoja na umri wake, akachuma nyanya chache zilizoiva kupita kiasi, akazikunjia kwenye pindo la gauni. Nyumbani alizikamulia kwenye bilauri ya maji, akaziacha hadi zikatoa povu na kunuka, kwani ule ute usipochacha mbegu hazitakati. Akazisuuza, akazianika juu ya kipande cha gazeti. Zilipokauka alizibandua kwa ukucha. Zilizong'ang'ania karatasi aliachana nazo. Alilikunja gazeti akalitupia kwenye droo. Pale palipokuwa na nyanya pakamwagwa zege. Kwa hiyo mbegu zile zikifa, zimekwisha. Hakuna pengine pa kwenda kuomba.

Nyanya za mama hazikuwa za kusiwa kwenye trei ya mayai. Alizitengea makopo makubwa, yale yenye kina, ili mizizi ikae raha, na pamoja nayo akatoa birika la bati lililokuwa juu ya kabati. Birika lile lilikuwa la mama pia. Zamani, alipokuwa msichana, lilikuwa likivuja, akatumwa kulipeleka kwa kijana fundi bati wa mtaa wa pili. Kijana akaliziba. Kesho yake msichana akarudi akidai linavuja tena, na halikuwa linavuja hata tone. Kijana alilitazama, akamtazama yeye, akaliziba tena. Alipoolewa, mama akamwachia birika. Sasa halikuwa na mkono wala kifuniko, lakini Bi Makopo aliona ni haki nyanya za mama ziote ndani ya birika la mama.

Mbegu alizilowesha tangu usiku. Asubuhi, kabla ya kwenda kazini, alichukua nyundo na msumari ili atoboe makopo chini, maana bati halipitishi maji kama trei. Na hapo ndipo simu ilipolia. Alikuwa kaka mkubwa.

"Dada, nasikia una mbegu za nyanya za mama," alisema kwa sauti ya mtu aliyeshiba. "Zikizaa usitusahau. Nimezitamani kweli."

Bi Makopo alikata simu. Amezitamani! Aliyezifukia kwa zege ndiye anayezitamani! Akapindua kopo la kwanza, akaweka msumari.

"Hili la kaka mkubwa!" Pa!

"Hili la kaka wa pili!" Pa!

"Hili la mwenye tingatinga!" Pa! Pa!

Kila kopo lilipata mwenyewe, na mengine yalimrudia kaka mkubwa mara ya pili na ya tatu, kwa kuwa alistahili. Alipofika kwenye birika alipumzika kidogo. Akaweka msumari juu ya lehemu ya zamani, pale palipozibwa mara mbili.

"Na hili," akasema kwa sauti ya chini, "la bwana Yaishe."

Pa.

Akayaacha yote kifudifudi pale roshani, akakimbilia kazini. Hakuangalia ndani. Kiti kilikuwa pale pale karibu na mlango, na aliyekikalia alikuwa na macho mabovu, si masikio.

Jioni alirudi amechoka, umeme umekatika, na mbegu kwenye kikombe zimeshaanza kutoa vimkia vyeupe. Mbegu ikishatoa mkia hainingojei mimi wala wewe. Alijaza makopo udongo kwa kupapasa, akalijaza na birika, akasia mbegu zote alizokuwa nazo. Fundi alikuwa amekaa wima kitini mwake siku hiyo, kama mtu anayesubiri kuitwa jina. Bi Makopo hakumwambia kitu. Wakala, wakalala.

Miche ilitoka vizuri. Ilitoka kwa fujo, na Bi Makopo akaifokea kwa furaha. Kila asubuhi alipanda na ndoo ya maji kutoka bomba la uani, akaimwagilia, akateremka kwenda kazini. Siku moja alikutana kwenye ngazi na Bi Sabuni wa ghorofa ya pili. Huyu alikuwa na kamba nzuri ya nguo kule juu ya paa, lakini kwa uvivu wa kupanda alifunga nyingine nje ya dirisha lake, chini kabisa ya roshani ya watu, halafu kutwa akilalamika kwamba anamwagiwa matope.

"Jirani, ahsante," alisema Bi Sabuni. "Wiki hii hata tone."

Bi Makopo alijua anasimangwa. "Na wewe pia," alimjibu, na kila mmoja akaenda zake.

Kisha miche ikaanza kugeuka rangi. Kwanza majani ya chini yalipauka, kisha ya juu. Shina likasinyaa shingoni, pale linapokutana na udongo, mche ukainama, ukalala. Kesho yake ukalala mwingine. Bi Makopo aliuona udongo kama umechoka, akaongeza maji. Aliyasukuma makopo kutoka kivulini kwenda juani, akayarudisha kivulini. Aliifokea miche na safari hii haikusikia. Pilipili kwenye trei za mayai zilikuwa zinanawiri, mboga kwenye pakiti za maziwa zinacheka, nyanya za mama tu ndizo zilizokuwa zikifa moja moja mbele ya macho yake.

Alishuka ghorofa ya pili akapiga mlango kwa ngumi.

"Umenimwagia nini kwenye miche yangu? Maji ya sabuni au dawa ya madoa?"

"Mimi?" Bi Sabuni alishika kiuno. "Nakaa chini yako, nikumwagie vipi? Nirushe juu kama chemchemi?"

"Mchawi hakosi njia!"

"Mchawi ni huyo anayelima kwenye jalala! Endelea tu kujitapa huko juu. Aliye juu mngoje chini!"

Milango ikafunguliwa, watu wakatoa vichwa. Bi Makopo alipanda ngazi akitweta, mate yamemkauka, na moja kwa moja akaenda roshani akalikamata kopo lililokuwa karibu ili alibamize ukutani.

Halikuinuka. Lilikuwa zito ajabu. Akalishika kwa mikono miwili, akaliinamisha, na maji meusi yakamwagika miguuni pake yakinuka kama mtaro. Udongo ukafuata, na ndani ya udongo mizizi ya kahawia, imeoza, imelegea. Akalipindua kopo. Pale alipopiga msumari pamekaa tone la risasi ya kulehemu, la duara, limelainishwa ukingo likakaa sawasawa na bati. Akapindua la pili. Akapindua la tatu. Akalipindua birika la mama. Kazi ile asingeweza kuikosea hata gizani. Mkono ule aliujua tangu usichana.

"Fundi!"

"Naam."

"Njoo hapa!"

Alikuja akipapasa ukuta. Mkewe akamsukumia kopo kifuani. "Nini hiki?"

Fundi alilipitishia kidole chini. Uso wake, Mungu anisamehe, ulichangamka. "Ah. Nilidhani hujaona. Nimekaa siku zote hizi nangoja useme neno. Mkono ulikuwa unanitetemeka, lakini hata moja halivuji. Jaribu uone."

"Umeziba."

"Nimeziba yote."

"Matundu yale yalikuwa ya maji kutoka! Mche si samaki, Fundi! Umeizamisha! Umeziua nyanya za mama!"

Fundi alisimama na kopo mkononi. "Nilidhani umetoboa kwa hasira," alisema mwishowe. "Nilikusikia. Hili la kaka mkubwa, hili la kaka wa pili. Nikajua unavunja, nitaunga ukiondoka. Si ndivyo tunavyofanya siku zote? Halafu ukafika kwenye birika..."

Bi Makopo sasa alijua kwamba mumewe alisikia.

"Basi nikaanza na birika," Fundi akasema.

Angeweza kulia hapo. Watu wengine wangelia. Yeye alizidi kuwaka, na lile lililochacha likatoka lote.

"Kaka zangu walinipora wakijua wanachofanya. Wewe umenimaliza ukidhani unanifurahisha. Bora wao! Wao naweza kuwachukia nikalala usingizi. Wewe nikuchukie vipi? Kila kitu kwako ni kuziba tu. Nikilia unaziba, nikidai haki yangu unaziba. Siku ile kwenye benchi nilikungoja. Nilikungoja, Fundi! Neno moja tu mbele yao, ukanishika kiwiko! Na usithubutu kuniambia yaishe. Ukisema yaishe leo nahama nyumba hii."

Hakusema. Alipiga magoti polepole, akapeleka vidole ndani ya kopo moja baada ya jingine, akitafuta kilicho hai. Hakukuwa na kilicho hai.

"Na zile za gazetini?" akauliza.

"Zipi?"

"Kwenye droo. Siku ile nilitafuta karatasi ya kupangusia chuma cha kulehemu. Nikashika gazeti nikahisi lina chembechembe. Nikalirudisha."

Bi Makopo alikuwa amelisahau kabisa. Alivuta droo kwa nguvu hadi ikatoka yote, vikaanguka vijiko na viberiti, akalikunjua gazeti. Zilikuwepo. Chache, zimeganda juu ya tangazo la matairi, mbegu ambazo hazikukubali kubanduka. Akachukua mkasi akakata kila mbegu na kipande chake cha karatasi, kwa kuwa karatasi huoza yenyewe udongoni na mbegu haihitaji kubughudhiwa. Kisha akaweka nyundo na msumari mbele ya mumewe.

"Toboa."

Fundi alivitazama vitu vile. Maisha yake yote hakuwahi kutoboa chombo cha mtu. Vyombo vilimjia na matundu, vikaondoka bila matundu, na hiyo ndiyo iliyokuwa heshima yake mjini. Alilivuta birika, akaligeuza, akaitafuta lehemu yake kwa kidole gumba. Akasimamisha msumari katikati yake.

"Na hili," akasema, "la bwana Yaishe."

Pa.

Bi Makopo aligeuka akaangalia nje. Hakucheka, asije mtu akasema alicheka. Lakini makopo mengine hakumsimamia tena, alimwacha ayatoboe mwenyewe, na Fundi aliyatoboa yote, akinyanyua kila moja kwenye mwanga kuhakikisha jua linapita.

Zilichukua muda kuota. Mbegu za gazetini zilikuwa za kiburi kama mwenyewe. Lakini asubuhi moja ndani ya birika palikuwa na mche umeinua udongo, na juu ya jani lake kipande cha gazeti, umekivaa kama kofia. Kwenye makopo ukatokea mwingine, na baadaye mwingine. Bi Makopo akaimwagilia kwa uangalifu, maji yakanywewa, yakapita, yakadondoka chini kama yanavyopaswa kudondoka. Mara ikasikika sauti kutoka ghorofa ya pili.

"Nyinyi huko juu! Mashuka yangu! Mmeanza tena? Fundi! Mwambie mkeo azibe hayo makopo yake!"

Bi Makopo alivuta pumzi kujibu. Alikuwa nayo majibu, tena ya kutosha jengo zima. Lakini kiti kililia nyuma yake, mtu akampita, akashika ukingo wa roshani kwa mikono miwili, akainama upande wa sauti.

"Hayazibwi!" Fundi alipaza sauti, na sauti hiyo hakuna aliyewahi kuisikia pale, hata yeye mwenyewe. "Yametobolewa na mimi! Hamisha kamba yako uipeleke juu ya paa, ndipo mahali pake! Hapa ni kwa mke wangu! Kwake ni hapa, na maji yatashuka kila siku!"

Fundi alibaki ameshika ukingo, kifua kikipanda na kushuka, masikio yamemwiva.

"Hayo ungeyasema siku ile," alisema Bi Makopo.

"Ningeyasema."

"Umechelewa."

"Nimechelewa," alisema Fundi.

Hasira ya Bi Makopo ilikuwa bado ipo, haijaenda popote, ila alikuwa amechoka kuibeba peke yake. Akampa kopo la kumwagilia.

"La kaka mkubwa bado halijapata maji," akamwambia. "Na usilionee huruma shuka la mtu."

Fundi akapapasa hadi akalipata, akamwagilia mpaka akasikia maji yakitoka chini.